Kumfuata Bibi Salme Unguja

Nimerudi Dar wiki iliyopita na viatu bado vina tope la Kidichi. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari dogo na picha za simu. Kuna kurasa zilizolowa mvua, na hapo nimetegemea picha peke yake.

Safari yenyewe ilitokana na ubishi wa kifamilia. Kila anayesimulia habari za Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani, huanza na Mjerumani na kumaliza na Mjerumani, kana kwamba alikuwa tu kati ya ukoo wake na mpenzi adui. Mimi nimekuwa nikidai kwamba huyo bwana ni mlango wa mwisho wa nyumba kubwa. Salme alikuwa ameshapasuka moyo miaka kadhaa kabla, na waliompasua ni ndugu zake wa baba mmoja. Nikasema niende nikaione hiyo nyumba kubwa, au kilichobaki.

Alhamisi: Dar hadi Unguja

Tiketi ilisema saa 3:30 asubuhi. Tuling'oa nanga saa sita kasoro. Sababu zilibadilika kila tulipouliza: mara upepo, mara mafuta, mara "subirini kidogo tu jamani." Julai ni wakati wa kusi na bahari haina utani, kwa hiyo upepo niliuamini. Hayo mengine niliyaacha yapite.

Kungoja kulinipa nafasi ya kuitazama bandari. Mji huu wa Dar aliuanzisha Majid bin Said, Sultani wa Unguja, miaka ya 1860. Majid ni kaka yake Salme. Waliishi nyumba moja Salme alipokuwa mtoto, na ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kushika silaha. Pia ndiye ambaye Salme, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, aliandika barua za siri za kumpindua. Kwa hiyo safari hii ilianza kwa Majid kabla sijapanda boti.

Njiani tulirushwa haswa. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama wa Kipemba mwenye kikapu, na alipoona rangi yangu imebadilika hakuniuliza kitu. Alikata ndimu kwa kisu kidogo, akanipa nusu. "Inuse, usiile. Na usiyatazame maji mwanangu, tazama kule mbele." Baadaye alinipa na kipande cha tangawizi nitafune. Nilipotaka kumnunulia soda alikataa, akasema nimwombee dua tu, mwanawe ana mtihani.

Kwa watakaokwenda: nauli ya daraja la kawaida kwa Mtanzania niliyolipa ni shilingi 30,000. Beba kitambulisho, kwa sababu utakionyesha wakati wa kukata tiketi na huenda ukaulizwa tena ukishuka. Kama tumbo lako ni jepesi, kaa katikati na chini. Wanaokimbilia juu kupiga picha ndio wanaorudi wakiomba mifuko.

Gesti nilipata Malindi, dakika chache kwa miguu kutoka bandarini, 45,000 na chai ya asubuhi baada ya kubembelezana. Jioni urojo, kisha usingizi.

Ijumaa: Mji Mkongwe

Asubuhi chai ya maziwa, boflo na maharage ya nazi, halafu vichochoro.

Nilianzia Hurumzi, kwenye makumbusho madogo ya Bibi Salme. Ni madogo kweli, lakini ukiingia ukiwa na maswali utakaa. Nilikaa sana mbele ya picha zake. Ipo ile maarufu ya mavazi ya Kiarabu iliyopigwa Ujerumani, na zipo za gauni la Kizungu lililofungwa hadi kooni. Uso ni uleule, hautabasamu kwenye mojawapo.

Kitu nilichokwenda kukitafuta ni mfupa, ingawa nilijua sitaukuta. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana ulio bapa uliotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu moja baada ya nyingine mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa. Mwaka 1859 ndugu zake walipomhitaji mtu wa kuandika barua, hawakulaumu tena.

Nieleze kidogo hapa, maana bila hili sehemu nyingine za safari hazina maana. Sayyid Said bin Sultan, baba yao, alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, akirudi kutoka Maskati. Aliacha watoto 36 walio hai. Mwanawe Thuwaini akabaki na Omani, Majid akakaa Unguja, na mdogo wao Barghash hakuridhika. Dada yao Khole, mzuri kuliko wote kwa maelezo ya Salme mwenyewe, alikuwa upande wa Barghash. Salme alimpenda Khole kupita kiasi. Alimpenda pia Majid. Akamfuata Khole, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama.

Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala, kwa hiyo nilikwenda Forodhani kukaa kwenye kivuli. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), aliyoijenga Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu Desemba 25, 2020, na hadi sasa ni mabomba ya ujenzi na mabati. Inauma kuiona hivyo. Jirani yake ni kasri la Beit al-Sahel, lakini jengo analolikumbuka Salme kwa jina hilo silo hili: lile liliharibiwa na mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896, katika vita vilivyochukua muda usiofika hata saa moja.

Na hapo kuna jambo ambalo watembezaji hawalisemi. Aliyekuwa ndani ya kasri siku hiyo, akidai kiti, ni Khalid, mtoto wa Barghash. Mizinga ilipomzidi alikimbilia kwenye ubalozi wa Ujerumani, na Wajerumani wakamvusha salama mpaka Dar. Mtoto wa mtu aliyekataa hata kumpokea dada yake kwa sababu ya Wajerumani, aliokolewa na Wajerumani.

Nikatafuta nyumba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Salme, paa kwa paa. Kijana wa kwanza alinionyesha nyumba yenye mlango wa njumu. Wa pili alinionyesha nyingine, mtaa mwingine kabisa. Wa tatu aliniuliza nina bajeti kiasi gani. Nikaacha. Ukipanda juu ya paa lolote la mgahawa pale Hurumzi utaelewa unachohitaji kuelewa: paa la jirani liko karibu kiasi kwamba unasikia mtu akikoroga chai.

Jumamosi: Marahubi na Mtoni

Gari la 502, linalokwenda Bububu, shilingi 500. Mwambie utingo mapema unakoshuka, kwa sababu Marahubi ni rahisi kupitwa. Magofu ya Marahubi ni ya Barghash, aliyajengea wanawake wake miaka ya 1880, na yaliungua mwaka 1899. Nguzo zimesimama zimebeba hewa. Robo saa inatosha, isipokuwa kama unapenda mitumbwi: pwani pale mafundi walikuwa wakiziba jahazi kwa pamba na mafuta, na hilo nililitazama kuliko nguzo.

Mtoni ndiko nilikotaka. Ni mwendo mfupi mbele, kilomita sita hivi kutoka mjini, na jina limetokana na kijito kinachoingia baharini hapo. Salme alizaliwa hapa Agosti 30, 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasia, kutoka milima ya Kaukasi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo. Kwenye kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, Salme anaeleza nyumba yenye watu wapatao elfu moja, ua mkubwa uliojaa paa, tausi, mbuni na flamingo, na kibanda cha mviringo kilichotokeza upande wa bahari ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huku, kichwa kimeinama, akiwaza.

Sasa kuna kuta. Nyingine zina urefu wa ghorofa mbili, nyingine zimebaki magotini. Matumbawe yanaonekana pale lipu ilipobanduka, na mizizi imepita katikati yake. Niligusa ukingo wa dirisha moja: chokaa ilikuwa laini kwa nje, lakini kidole kikiingia ndani kidogo unakutana na kombe zima la baharini, halijasagwa, fundi alilichota na mchanga akalijengea hivyohivyo. Nililipiga picha mara nyingi na hakuna hata moja iliyotoka vizuri.

Bibi mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa alisimama kunitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni katika watu wa wizara?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kutazama tu, kwa ajili ya Bi Salme.

"Aa, yule mtoto wa Saidi." Alilisema kama anayemtaja binti wa mtaa wa pili. "Mama yangu akisema mtoto yule hakukosa mume, alikosa wa kumsemea."

Alinionyesha njia ya kushukia pwani bila kupita kwenye miiba, na akanikataza kukaa chini ya ukuta wa kusini, mawe yake yanaanguka. Kisha akaenda zake, dagaa hawasubiri.

Kwa watakaokwenda: njoo maji yakiwa yametoka, utaona vizuri upande wa baharini. Vaa viatu vilivyofungwa. Maji ya kunywa nunua kabla hujashuka kwenye gari. Na kama kuna mtu yuko mlangoni, zungumza naye kwanza kabla ya kutoa kamera.

Jumapili: Bububu na Kidichi

502 tena, mpaka mwisho wa njia. Bububu ya leo ni kituo cha magari, polisi, maduka ya chipsi, na wazee wanaokumbuka kuambiwa kwamba zamani treni ilikuwa inakuja mpaka hapa kutoka mjini. Ilikuwa kweli, reli ya Wamarekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Salme alihamia huku baada ya njama kushindwa. Kushindwa kwenyewe kulikwenda hivi. Nyumba ya Barghash mjini ilizingirwa na askari wa Majid. Khole na ndugu yao mwingine, Meje, wakaingia pamoja na Salme, wakamvisha Barghash mavazi ya kike na kumpitisha katikati ya askari. Askari walipotaka kuwasimamisha, Khole alijitambulisha kwa sauti, na mkubwa wao akaomba radhi. Barghash akafika shambani Marseilles, waasi wakapigana, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Mama yake Salme alikuwa ameshafariki kwa kipindupindu mwaka huohuo.

Salme akabaki na kalamu iliyoandika barua zote na majirani wasiomtembelea. Majid hakumwadhibu. Salme alipumzika shambani Kizimbani, kisha Bububu kando ya bahari, na anapaandika mahali hapa kwa mapenzi. Ndipo Majid akamtumia ujumbe: nyumba ya Bububu inatakiwa kwa ajili ya balozi mpya wa Uingereza. Salme akaitoa. Kwa kitendo hicho akapatana na Majid, na kwa kitendo hichohicho Khole akamwona msaliti.

Nilisimama pwani Bububu nikilifikiria hilo. Alimsaliti Majid kwa ajili ya Khole, halafu akampoteza Khole kwa sababu ya Majid. Akarudi mjini bila mama, bila dada, na kwenye nyumba ambayo paa la jirani liko karibu. Sisemi hakumpenda Heinrich. Nasema mapenzi yalimkuta mtu ambaye kila upande wa ukoo ulishamtilia shaka. Na wakati huo Mjerumani hakuwa adui wa mtu Unguja. Alikuwa mfanyabiashara tu. Uadui ulikuja mwaka 1885, manowari za Ujerumani zilipoelekeza mizinga kwa Barghash, na Heinrich alikuwa kaburini miaka kumi na mitano.

Kutoka Bububu kwenda Kidichi nilichukua bodaboda, 15,000 kwenda, kungoja na kurudi. Dereva, kijana mpole, aliniita "dada" njia nzima na kunionya kila tuta. Barabara inapanda kati ya minazi na mikarafuu, na harufu ya pilau mbichi inakufuata.

Hamamu za Kidichi alizijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Kwa nje ni majengo ya kuba yaliyochoka. Ndani mafundi wa Kiajemi wamechonga chokaa ukutani: ndege, maua, miti, vitu ambavyo huvioni kwenye nyumba nyingine za ukoo ule. Ukungu umepanda mpaka nusu ya ukuta na ndege mmoja ana kichwa cha kijani kwa sababu ya ukungu huo. Mwanga unaingia kwa matundu ya kwenye kuba. Huyu naye alikuwa binti wa kifalme aliyeozwa mbali. Alipanda farasi na kuwinda, watu wakanong'ona, akaachika na kurudi kwao. Nilimwandikia nusu ukurasa, lakini ndio ukurasa uliolowa.

Mvua ilishuka tukiwa tunatoka. Julai si mwezi wa mvua, ila mvua haikuambiwa. Tulikimbilia kwenye kibanda cha muuza viungo, naye akatupisha benchi, akamenya shokishoki za mtoto wake akatupa sote. Hakutaka kuniuzia kitu mpaka mvua iishe: "Ukinunua sasa utasema nimekushika." Nilinunua hiliki na mdalasini kwa hiari yangu, 10,000, na dereva wangu akakataa kuniongezea bei ya kungoja.

Kwa watakaokwenda: kama unapenda viungo, unganisha Kidichi na Kizimbani siku moja. Kiingilio cha mwananchi hamamuni ni kidogo. Dai risiti.

Jumatatu: Machui, karibu

Lile shamba la Marseilles lilipewa jina na Khalid, mmoja wa ndugu wakubwa, aliyependa mambo ya Kifaransa. Siku hizi sehemu hiyo inaitwa Machui. Nilitaka kufika, ila ilikuwa wakati wa Mwaka Kogwa na magari mengi yalikuwa yamekodiwa kwenda Makunduchi. Nilikaa kituoni saa mbili nzima nikila muhogo wa kukaanga, nikaambiwa na kila mtu kwamba kule hakuna cha kuona isipokuwa mashamba. Nikawaamini.

Ila Mwaka Kogwa wenyewe una nafasi katika hadithi hii. Mwaka wa jadi una siku 365 bila kuongeza moja kila baada ya miaka minne, kwa hiyo sikukuu inarudi nyuma polepole kwenye kalenda ya kizungu. Leo inaangukia Julai. Mwaka 1866 iliangukia Agosti. Usiku wa Agosti 24 mwaka huo wanawake wa mjini walikuwa wakiteremka pwani kuoga mwaka, na Salme akateremka nao, ana mimba ya Heinrich, bila ndoa, akijua adhabu inayoweza kumpata. Mashua ilikuwa inamngoja. Ikampeleka kwenye manowari ya Uingereza, Highflyer, na asubuhi hakuwepo.

Nimesoma tarehe hiyo mara nyingi bila kujua ilivyopatikana. Ni mzee wa kituoni aliyenifafanulia habari ya siku 365, akihesabu kwa vidole, huku akinikataza kupanda gari lililojaa.

Jumanne: Mkunazini, na jioni barazani

Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 chini ya Barghash baada ya shinikizo la Waingereza. Niliingia kwa makusudi. Mtu akimpenda Salme kama ninavyompenda mimi, hupenda pia kuyaruka maneno yake kuhusu utumwa, na hayarukiki. Alikuwa na mashamba na watumwa, na hata baada ya miaka ya Ulaya aliutetea. Hamburg walikipa kiwanja jina lake mwaka 2019, halafu wakaliondoa kwa sababu hiyo. Sioni kosa lao. Chumba cha chini wanachoonyeshwa wageni pale kama mahali walipofungiwa watumwa, chenye dari unalogusa kwa kichwa, kina nguvu kuliko jina la kiwanja.

Jioni nilikwenda Jaws Corner kunywa kahawa chungu na kashata. Wazee wanaocheza bao na dhumna hawana haraka ya kumwona mgeni, lakini nilipomuuliza mmoja nani alimkosea Salme, mchezo ulisimama.

"Kajikosea mwenyewe," akasema mwenye kofia ya kiua. "Angesubiri."

"Asubiri nini na tumbo linakua?" akajibu mwenzake. "Majid alikuwa na moyo. Yule Mjerumani alibaki hapa hapa miezi, na Majid hakumfukuza."

"Ndiyo maana nasema Barghash," akadakia wa tatu.

"Barghash alidaiwa urithi na manowari nyuma yake. Wewe ungempokea?"

Hapo kelele zikaanza, na mimi nikasahaulika. Aliyekuwa akimimina kahawa aliniongezea kikombe bila kuniuliza, akaninong'oneza kwamba wamekuwa wakibishana hilo tangu yeye mdogo, na kwamba mwenye kofia ya kiua hubadilisha upande kila Ramadhani.

Mimi upande wangu ninao. Mwaka 1870 unatosha kumhukumu Barghash nao: Agosti, Heinrich, ambaye sasa alikuwa mumewe Salme, alikufa kwa ajali ya tramu Hamburg na kumwachia Salme watoto watatu wadogo. Oktoba, Majid, kaka aliyekuwa na moyo, akafariki Unguja. Aliyekalia kiti ni Barghash, yule ambaye Salme alimwandikia barua, akamvisha nguo za kike, akahatarisha maisha yake kwa ajili yake. Salme alipokuja kudai urithi mwaka 1885 akiwa kwenye meli ya Wajerumani, Barghash hakukubali kumwona. Wanaosema alikuwa kati ya ukoo na mpenzi adui wanaruka deni hilo. Barghash alikuwa anadaiwa na Salme kuliko urithi, na alilijua.

Nililisema hilo kwa sauti. Mwenye kofia akanitazama, akasema, "Binti, umekunywa kahawa nyingi," na bao likaendelea.

Jumatano: kurudi

Boti ya mchana, na safari hii iliondoka kwa wakati. Bahari ilitulia, nikalala. Jumla yangu bila zawadi haikufika 450,000, na gesti ndiyo iliyokula zaidi. Kama mko wawili gharama zinapungua sana, hasa bodaboda na chumba.

Machui bado nina deni nayo. Nikipata aliyewahi kufika anayejua nyumba ya shamba ilisimama wapi, niandikieni. Nitakwenda Novemba, vuli ikiruhusu, na safari hiyo nitakodi gari tangu usiku.